Mahalia Jackson: Pesa Kwanza, Kisha Haleluya

Mahalia Jackson hakupenda hundi. Mwandaaji wa tamasha aliyemwalika alitakiwa kuja na fedha taslimu, na malipo yamalizwe kabla mwimbaji hajapanda jukwaani. Noti zikishahesabiwa, mara nyingi alizikunja akazitia kwenye sidiria. Kisha alitoka, akafumba macho, akamwimbia Mungu mpaka watu wazima wakalia na wengine wakaanguka vitini. Kulikuwa na safari alizosafiri na maelfu ya dola kifuani, maana matapeli wa matamasha walikuwa wamemfundisha kwamba ahadi ya kulipwa baada ya ibada huwa inaisha na ibada yenyewe.

Naimba alto katika kwaya ya usharika mmoja hapa Dar es Salaam, na mjadala ninaoujua kuliko yote ni ule wa bahasha. Mwimbaji wa injili akialikwa, alipwe? Akitaja kiasi, mzee mmoja wa kanisa atamuuliza kwa upole wenye sindano ndani yake: "Mwanangu, hii ni huduma au ni biashara?" Asipotaja, anapewa soda, nauli na maombi. Tunajibizana kuhusu jambo hili kana kwamba lilizaliwa jana na studio za Dar es Salaam na Nairobi. Mahalia alilikuta Chicago karibu karne moja iliyopita, akalijibu kwa maisha yake yote, na jibu lake halikunyooka kama ambavyo sisi mashabiki wake tungependa.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1911 mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, karibu na kingo za mto Mississippi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahala, nyumbani wakimwita Halie. Hiyo "i" ya katikati aliiongeza mwenyewe ukubwani. Babu na bibi zake walizaliwa utumwani. Nyumba ya familia ilikuwa na vyumba vitatu, watu 13 na mbwa. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini, kinyozi, na siku ya Jumapili mhubiri, lakini hakuishi nao. Mama yake, Charity, alifariki Halie akiwa na miaka kama mitano, na mtoto akalelewa na mama yake mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Duke. Huyu Duke alikuwa wa aina tunayoifahamu. Alipita na glavu nyeupe juu ya samani kutafuta vumbi, na vumbi likionekana, fimbo ilifanya kazi. Shule Halie aliiacha mapema ili asaidie kufua na kupika.

Kwa mtu wa kwaya, utoto huo una utajiri mkubwa, kwa sababu sauti ya Mahalia ilitoka sehemu tatu na zote zilikuwa umbali wa hatua chache kutoka kitandani mwake. Ya kwanza ilikuwa kanisa lao la Kibaptisti, Mount Moriah, ambako nyimbo za zamani ziliimbwa polepole mno: mmoja anatoa mstari, kusanyiko linaupokea na kuuvuta, kila neno likizungushwa juu na chini kabla ya kuachiwa. Ya pili ilikuwa kanisa jirani la watu wa utakatifu, wasiokuwa na kwaya wala kinanda. Walikuwa na ngoma, matoazi, matari na miguu yao, na kila aliyekuwamo aliimba kwa mwili mzima. Ya tatu ilikuwa haramu. Duke akiwa kazini, binti aliweka kwenye gramafoni santuri za Bessie Smith, malkia wa bluzi, akijifunza jinsi mama yule alivyoifuata noti kutoka chini, akaipanda taratibu, akaipinda kabla ya kuifikia.

Mkisikiliza kwa makini mtazikuta zote tatu ndani ya wimbo mmoja. Mahalia anaanza bila mapigo, akiuvuta mstari wa Kibaptisti mpaka unaogopa pumzi itamwishia. Katikati anaingia mguu wa lile kanisa la jirani, na ghafla wimbo una mwendo. Na kila mahali, chini ya maneno matakatifu kabisa, yupo Bessie. Nota hakuzisoma maisha yake yote. Nalisema hili kwa uangalifu, kwa sababu mwalimu wetu wa kwaya atalisoma gazeti hili na sitaki vijana wa sauti ya tenor wapate kisingizio.

Akiwa na miaka kama 16 alipanda treni kwenda Chicago, pamoja na wimbi kubwa la Wamarekani weusi waliokuwa wakiyakimbia mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi za kusini. Alitamani kuwa muuguzi. Alichopata ni ndoo na sabuni: alifua nguo za watu na kusafisha vyumba vya hoteli. Jumapili alikwenda Greater Salem Baptist, akasimama akaimba, na kutoka siku hiyo kanisa lile halikumwachia. Pamoja na watoto wa mchungaji waliunda kikundi, Johnson Singers, wakazunguka makanisa ya mjini kwa malipo ya senti.

Si makanisa yote yaliyomkaribisha. Makanisa makubwa ya weusi wa Chicago, yenye waumini waliosoma, yalijivunia kwaya zilizoimba Handel na Mozart, na mwanamke aliyepiga makofi, akatikisa mabega na kutembea katikati ya viti huku pini za nywele zikidondoka aliwakumbusha kila kitu walichokikimbia kusini. Mchungaji mmoja alimkemea mbele ya watu. Mahalia alimjibu palepale kwamba Zaburi imeagiza makofi na shangwe. Mwaka 1932 alitoa dola nne, pesa nyingi kwa dobi, akaenda kwa mwalimu wa sauti aliyeheshimika. Mwalimu alimwambia aache kupiga makelele, kwamba uimbaji ule hauwaletei sifa watu wa rangi yake. Hakurudi kwa somo la pili. Katika maisha yake, hakuna mwalimu mwingine wa sauti aliyelipwa.

Mtu aliyemwelewa alikuwa Thomas Dorsey, na bila yeye hadithi hii haiendi. Dorsey alikuwa mtoto wa mhubiri kutoka Georgia aliyekulia kwenye vilabu, akipiga piano ya bluzi kwa jina la Georgia Tom. Alipookoka hakuuacha muziki wake mlangoni mwa kanisa, aliingia nao. Alichukua mapigo na mipindo ya bluzi, akaweka maneno ya Yesu, na mchanganyiko huo ndio ulioanza kuitwa muziki wa injili kwa maana tunayoitumia leo. Agosti 1932 alikuwa mji mwingine kwenye mkutano wa nyimbo alipopelekewa telegramu kwamba mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Mtoto naye akafariki muda mfupi baadaye. Kutoka kwenye msiba huo Dorsey alitunga "Take My Hand, Precious Lord", wimbo ambao nina hakika umeuimba msibani kwa lugha fulani hata kama hukujua ulitoka wapi.

Dorsey alichapisha nyimbo zake kwenye karatasi na kuziuza kwa senti kumi. Tatizo lake lilikuwa kwamba karatasi haiimbi. Basi Mahalia alisimama kwenye kona za mitaa ya Chicago akiimba, na Dorsey akauza. Baadaye walizunguka miji mingi pamoja kwa miaka. Ukitaka kujua biashara ya muziki wa injili ilianza lini, ilianzia hapo barabarani, kwa mjane wa kiume mwenye furushi la karatasi na dobi mwenye mapafu makubwa.

Ndoa ya kwanza ya Mahalia nayo iliingia kwenye swali hilohilo la huduma na biashara. Mwaka 1936 aliolewa na Isaac Hockenhull, msomi wa kemia aliyeachwa bila kazi ya taaluma yake na mdororo wa uchumi. Ike alimpenda, na aliamini anaharibu sauti kubwa kwa kuimba bure makanisani. Mama yake Ike alikuwa na fomula za mafuta ya nywele na vipodozi. Wanandoa hao wakavichemsha jikoni na Mahalia akaviuza safarini. Kisha ikatangazwa nafasi katika "The Swing Mikado", mchezo wa kuigiza wa muziki wenye waigizaji weusi, wenye mshahara wa uhakika kila wiki. Ike alimsukuma aende kujaribiwa. Alikwenda, akashinda nafasi, akatoka akilia. Aliporudi nyumbani alikuta Ike naye amepata kazi siku hiyohiyo, basi akaikataa ile ya jukwaani. Ndoa haikudumu, farasi wa mashindano nao walikuwa na sehemu yao katika mapato ya Ike.

Kazi ya muziki wa kidunia hakuikataa mara moja tu. Louis Armstrong, mtoto wa New Orleans kama yeye, alimwambia nafasi katika bendi yake ipo wakati wowote. Kampuni ya Decca ilimrekodi mwaka 1937, santuri hazikununuliwa, na ilipomtaka aimbe bluzi alikataa, wakaachana. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ukimaliza bluzi bado una shida yako, ukimaliza wimbo wa injili una tumaini. Watu hulitaja jambo hili kama ushahidi wa utakatifu wake. Mimi naona pia hesabu. Mtu anayeweza kuikataa bendi ya Armstrong ni mtu mwenye kipato kingine, na Mahalia alikuwa amesomea ususi, akafungua saluni yake Chicago, na baadaye duka la maua. Alijua kwamba familia ikimwomba aimbe kwenye mazishi, maua nayo yatahitajika. Saluni ndiyo iliyomwezesha kusema hapana. Waimbaji wetu wengi hawana saluni, na tunawashangaa wanapoyumba.

Mlango ulifunguka Septemba 1947, akiwa na miaka 35. Kampuni ndogo ya Apollo ilimrekodi "Move On Up a Little Higher", wimbo wa W. Herbert Brewster, mchungaji wa Memphis. Ulikuwa mrefu mno kwa santuri za wakati ule, ukakatwa vipande viwili, nusu upande wa kwanza na nusu wa pili. Maduka ya mitaa ya weusi yalishindwa kutosheleza wateja. Wapo wanaotaja mamilioni ya nakala. Mauzo ya wakati ule yalihesabiwa na wenye kampuni wenyewe, na Mahalia alikufa akiamini hawakumhesabia zote. Inatosha kusema kwamba hakuna wimbo wa injili uliokuwa umefika huko. Na maneno ya Brewster yalikuwa na maana mbili: kwa mzungu aliyesikia redioni yalikuwa habari ya mbinguni, kwa mtu mweusi yalikuwa pia habari ya kupanda ngazi hapahapa duniani.

Mwaka 1950 aliimba Carnegie Hall, New York, ukumbi wa muziki wa kitaalamu, na waliokosa viti walikalishwa jukwaani. Mwaka 1952 alizuru Ulaya. Mwaka 1954 aliingia Columbia, kampuni kubwa, akawa na kipindi chake cha redio. Hapo ndipo sisi wapenzi wake hugawanyika. Columbia ilimletea vinanda, violini na nyimbo zilizosuguliwa, akapata wasikilizaji weupe wengi na pesa nyingi, na ile sauti iliyokuwa ikikimbia ikaanza kutembea. Kwangu, ukilinganisha na santuri za Apollo, unasikia mtu aliyeambiwa avue viatu kabla ya kuingia sebuleni.

Pesa zilinunua nyumba, na hiyo ni sura inayostahili kusomwa taratibu. Mwaka 1956 alitaka kuhamia Chatham, mtaa wa weupe kusini mwa Chicago. Madalali walimzungusha, waliomjua kwenye televisheni wakimkwepa mlangoni. Mwishowe daktari mmoja wa meno, mzungu, alisema ataona fahari kumuuzia yake. Mahalia alipohamia, risasi zilipita madirishani na polisi wakawekwa kulinda. Kwenye redio alikuwa mgeni wa kila mara wa majirani wake weupe. Kwenye uzio wao alikuwa adui. Baadaye mtangazaji Edward R. Murrow alipokuja kumhoji humo ndani kwa televisheni, watoto wa majirani walijaa kwake kutaka kuonekana. Miaka michache zaidi, weupe wengi walikuwa wameuza na kuondoka, na mtaa ukawa wa weusi.

Mwaka huohuo wa 1956 alikutana na wachungaji Ralph Abernathy na Martin Luther King. Watu weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wakisusia mabasi ya mji kwa sababu ya ubaguzi, wakitembea kwa miguu kwenda kazini, na walihitaji fedha. Walimwomba aje aimbe, na kwa unyenyekevu wakamuuliza ada yake. Huyu ndiye mwanamke wa noti kwenye sidiria. Alijibu kwamba watu wanaotembea kwa miguu hawatozi. Alikwenda, akalala nyumbani kwa Abernathy, na wiki chache baada ya kuondoka nyumba hiyo ililipuliwa kwa bomu. Kwa hiyo mzee wangu wa kanisa akiuliza tena kama ni huduma au biashara, nitamweleza habari za Montgomery. Mtu asiyekuwa na bei hana cha kusamehe.

Kuanzia hapo alikuwa sehemu ya harakati za haki za raia, kwa sauti na kwa mfuko. King akiwa amechoka alimpigia simu, naye akamwimbia kwenye waya. Tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao robo milioni mjini Washington, aliimba kabla ya King kuhutubia. King alianza kusoma hotuba aliyoiandaa, na sehemu ya ndoto haikuwamo. Mahalia, aliyekaa karibu nyuma yake, akampazia sauti awaeleze watu ile ndoto. King aliisukuma karatasi pembeni. Waliokuwapo jirani, akiwamo Clarence Jones aliyesaidia kuandika hotuba, wamesimulia hivyo, na mtu wa kanisa hashangai hata kidogo. Hiyo ni kazi ya mama wa viti vya mbele tangu zamani: mhubiri akipoa, mama anamrudisha motoni. Dunia ikaiita hotuba. Ilikuwa mahubiri yenye kiitikio, na mwitikiaji wake alikuwa na sauti kubwa kuliko wote nchini.

Aprili 1968, King alipozikwa Atlanta, Mahalia alimwimbia "Precious Lord", wimbo wa Dorsey. King mwenyewe, dakika chache kabla ya kupigwa risasi, alikuwa amemwomba mwanamuziki Ben Branch aupige jioni ile.

Miaka yake ya mwisho nitaipita haraka. Moyo ulimsumbua, pamoja na ugonjwa uliomtia uvimbe kwenye mapafu. Aliolewa mara ya pili mwaka 1964, wakaachana baada ya muda mfupi. Aliweka jina lake kwenye migahawa ya kuku wa kukaanga. Mwaka 1970 aliimba Liberia mbele ya Rais Tubman, na mwaka uliofuata alifika India. Alifariki tarehe 27 Januari 1972, karibu na Chicago, akiwa na miaka 60. Makumi ya maelfu walipita mbele ya jeneza, Chicago kisha New Orleans, na Aretha Franklin akamwimbia "Precious Lord", wimbo uleule ambao Mahalia alimwimbia King. Aliacha mali iliyozidi dola milioni moja, jambo lisilosikika kwa mjukuu wa watumwa aliyeanza na ndoo.

Lakini kuna Mildred Falls, na singekuwa mkweli nikimaliza bila yeye. Kwa miaka mingi Mildred ndiye aliyempigia piano. Mahalia alibadilisha ufunguo na mwendo bila onyo, kadiri Roho au hali ya ukumbi ilivyotaka, na Mildred alimfuata hata pale wengine walipopotea. Mwanamke huyo alilipwa kidogo, kidogo sana kwa kulinganisha na kilichoingia kwenye ile sidiria. Inasimuliwa kwamba alipoomba kuongezwa, waliachana. Mildred aliishia katika umaskini. Mahalia aliyejua kabisa uchungu wa kuimba ukalipwa soda alimfanyia mwenzake karibu vilevile, na sijaona namna ya kulipunguza hilo. Kwenye makwaya yetu mpiga kinanda ndiye wa mwisho kukumbukwa bahasha inapofunguliwa, kwa hiyo simnyoshei kidole kwa nguvu sana.

Ukitaka kumsikia, usianze na Columbia na violini zake. Tafuta kwanza rekodi za Apollo za mwaka 1947 hadi 1954, zina mikwaruzo lakini zina moto. Kisha tafuta onyesho lake la Newport mwaka 1958, kwenye tamasha la jazi, ambako aliimba usiku wa kuamkia Jumapili mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya muziki wa aina nyingine kabisa. Sehemu yake imo katika filamu "Jazz on a Summer's Day". Mara ya kwanza sikiliza sauti. Mara ya pili isahau sauti, ufuate mkono wa kushoto wa Mildred.